Ufa Ubavuni mwa Yai la Nne

Ndugu wananchi wapenda maendeleo! Leo natangaza rasmi elimu itakayobadili ufugaji wa kuku duniani. Kusema kweli, tulikuwa na mayai tisa tu, ndani ya sanduku la mbao, chini ya balbu moja, kando ya kitanda cha mama.

Mayai yalikuwa ya kuku wa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, mwenye miaka sita. Kuku huyo alitoka kidogo kunywa maji, mwewe akamnyakua. Mama akayaandika mayai namba, akayahamishia sandukuni, akaweka bakuli la maji na kipimajoto. Mara tatu kwa siku aliyageuza.

Pazia likishushwa, chumba kilijaa mwanga wa rangi ya asali. Joto lilikubembeleza hadi ukasahau kama uko macho. Mdogo wangu alishinda humo, macho kayafumba, sikio kaliweka sandukuni.

"Dada, wanaota nini?"

"Wanaota mtama." Nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni, kwa hiyo nilijua kila kitu.

Siku ya kumi tangu kuku aanze kuyaatamia, balaa. Yai la nne lilikuwa na ufa ubavuni, mwembamba kama unywele. La tano, lililogusana nalo, lilikuwa limevunjika na kuvuja ute. Sababu, nilisema kwa huzuni, bado haijulikani kwa sayansi.

"Yote mawili jalalani," mama alisema.

"La nne hapana!" Mdogo wangu alilia. "Lina madoadoa kama kuku wangu. Yeye ndiye atatoka humo!"

Moyo wa mama ukalainika. Akatafuta utepe wa plastiki, akaanza kulifunga yai zima kama majeruhi wa mbavu.

"Hodi?" Alikuwa jirani yetu, fundi saa, amerudisha saa ya ukutani. Naye hufuga kuku.

"Karibu, fundi."

"Taratibu, mama! Unamziba pumzi mtoto wa watu. Yai hupumua kupitia ganda lake."

Akabandua utepe polepole. Akavaa jichoni lenzi yake ya saa, akawasha tochi ndogo, akaiweka nyuma ya yai. Tukaona mwezi mwekundu, na ndani yake mishipa myembamba kama mizizi. Katikati, kitone cheusi kilitikisika.

"Yu hai," fundi alinong'ona. "Na ngozi ya ndani ni nzima, haivuji. Hili tunalijaribu. Lile linalovuja litoke sasa hivi. Litaoza, litapasuka, na uchafu wake utaambukiza mengine. Kisha nawa mikono kwa sabuni."

Akawasha mshumaa. Nta ilipopoa kidogo, akaipaka juu ya ufa tu, kwa ncha ya njiti ya kiberiti.

"Kwenye upande butu usipake. Huko ndiko kuna hewa yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: ukiziba kupita kiasi, unajenga kaburi."

"Kwa hiyo atapona?" mdogo wangu aliuliza.

"Sikuahidi, bwana mdogo. Mayai mengi yenye ufa hayaanguliwi. Lichunguzeni kila siku. Likinuka au likitoa maji, litoeni. Siku ya kumi na nane acheni kuyageuza yote." Akaligeuza yai kwenye mwanga. "Ajabu, ganda limebonyea ndani. Kama limegongwa kutoka nje."

Nikaona huo ndio wakati mwafaka wa kwenda kunawa mikono.

Tulilizika yai la tano. Mdogo wangu alinusa la nne kila asubuhi, pua imemchongoka kwa wasiwasi.

Siku ya ishirini na moja, saba yalikuwa yameanguliwa. La nne, kimya. Mama akakunja uso. Tukasubiri katika mwanga wa asali, hadi sote tukawa kama tunaota.

Ko. Ko, ko.

Ganda likatoboka upande butu, mdomo mdogo ukachungulia. Mdogo wangu hakushangilia. Aligeuka kunitazama mikono.

"Dada, leo hukugonga wewe?"

"Kugonga nini?" mama aliuliza.

"Siku ile aligonga kwa kijiko. Akasema kifaranga anabisha hodi. Nilifumbua jicho moja."

Ndugu wananchi, sayansi imepata jibu. Ni mimi. Nilitaka kumchekesha mdogo wangu aliyefiwa na kuku wake, nikamuua wa tano. Kifaranga wa nne ana madoadoa, na ninamsafishia banda mimi, hadi likizo iishe.