Kizibao cha Bibi Lorena

Ti, ti, ti, ti. Kisha kla.

Callie alikuwa bado chini ya blanketi, na nje kulikuwa giza totoro, lakini masikio yake yaliujua mlio huo kuliko mlio wa jogoo. Vilikuwa vitufe vinne vya kasha la chuma lililokazwa kwa bolti ndani ya kabati la bibi yake, kisha mlango wake mdogo ukafunguka. Maana yake ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mbuzi wanangoja majani, na kwa kuwa leo ni Jumamosi, mbuzi wakishashiba watu wawili wataingia kwenye pikapu waende mjini Sandlin kula staftahi kwenye mkahawa wa Dalton.

Aliondoka kitandani pekupeku akasimama kwenye kizingiti cha chumba cha bibi. Hapo ndipo mpaka wake. Tangu ana miaka mitano aliambiwa, ukitaka kutazama tazama, lakini kidole cha mguu kisivuke ubao huu. Sasa ana miaka kumi na mmoja, na hajawahi kuuvuka.

Bibi Lorena aliitoa bastola ndogo nyeusi, akaielekeza kwenye ndoo ya mchanga iliyokuwa pembeni, akaikagua kwa macho na kwa kidole, polepole, kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Akaitia kwenye ala ya ngozi kiunoni, upande wa kulia. Kisha akavaa kizibao chake cha jinzi, kile kirefu chenye mifuko mirefu, akajitazama kwenye kioo mara moja tu. Bastola ikawa haipo. Ilitoweka kama jiwe lililotupwa kisimani. Aliyebaki pale alikuwa ajuza wa miaka sitini na tisa, mfupi, mwenye miwani, aliyeendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja.

Callie hakuchoka kustaajabu. Babu alipofariki, bibi alibaki peke yake shambani, mwendo wa dakika arobaini kutoka kwa polisi wa karibu. Ndipo alipokwenda darasani, akafanya mtihani, akalenga shabaha mbele ya mkaguzi, akapewa kibali. Kadi yake ilikaa kwenye pochi nyuma ya leseni ya udereva. Miaka kumi na mitatu aliibeba bastola ile dukani, posta na mkahawani, na hapana hata mtu mmoja Sandlin aliyejua. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake, kama mwanamke mwingine anavyoonea fahari mapishi yake. Alipenda kusema, "Asiyeiona haogopi. Na asiyeogopa anakula kwa raha."

Asubuhi hiyo mkahawa ulikuwa umejaa. Wazee watatu walikuwa kwenye meza yao ya dirishani, akiwamo Mzee Harlan, ambaye hakuna habari ya mji iliyompita. Dalton, aliyeununua mkahawa mwezi uliopita, alikuwa jikoni. Mhudumu mpya, msichana aitwaye Marisela, alipita na birika la kahawa kutoka meza hadi meza. Bibi aliagiza mikate laini iliyomwagiwa mchuzi mweupe wa soseji, na mayai mawili. Uma wake ukamdondoka. Akainama, akauokota, akaomba mwingine.

Callie aliomba ruhusa akawasalimie wenzake wa timu ya besiboli waliokuwa meza ya nyuma. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Brinley, mrushaji mpira wa timu, alikuwa akisimulia bastola mpya ya baba yake, yenye mpini wa pembe, na jinsi baba anavyomruhusu kwenda naye uwanja wa shabaha. Wenzake walikuwa wamekodoa macho. Callie naye akasema kwamba hata bibi yake hulenga vizuri sana.

"Bibi yako?" Brinley akacheka. "Yule? Analenga nini, tundu la sindano?"

Meza nzima ikacheka. Callie alihisi masikio yakiwaka moto. Maneno yakamtoka kabla hajayapima: kwamba bibi anayo hata sasa hivi, pale alipokaa, chini ya kizibao, upande wa kulia, na nyote mnakula humu wala hamna habari.

Kicheko kikakatika. Kwa kitambo kidogo Callie alikuwa mtu mkubwa kuliko wote. Halafu akageuka, akamwona Marisela nyuma yake, birika mkononi, uso umempauka.

Alirudi mezani kwa bibi akaketi. Haikupita hata dakika mbili Marisela akaja. Aliinama akasema kwa sauti ya chini, lakini Mzee Harlan alikuwa na masikio ya sungura.

"Samahani, mama. Nadhani umebeba bastola. Dalton hataki silaha humu ndani, ametuagiza tuseme. Naomba uitoe nje."

Kikombe alichokishika Marisela kilikuwa kikigongana na kisahani chake. Callie alikaza macho kwenye sahani akingoja neno lifuatalo, kwamba mjukuu wako ndiye aliyesema. Neno hilo halikuja.

Bibi Lorena aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja chini, mahali ambapo kila mtu angeviona. Hakugusa kizibao. Hakukana.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Ninacho kibali, lakini hukuniuliza kibali. Umeniomba nitoke. Asante kwa kuniambia kwa upole."

"Kaa chini, Lorena," Mzee Harlan akadakia kutoka dirishani. Akaeleza, kwa faida ya mkahawa mzima, kwamba mlangoni hakuna bango la kukataza, sheria ya Texas anaijua yeye, na binti wa jana hawezi kumtoa mtu aliyekunywa kahawa hapa tangu kahawa ilipovumbuliwa.

"Bango halipo, Harlan. Lakini ameniambia kwa mdomo wake, na hiyo inatosha kisheria. Hata kama isingetosha, mlango ni wao." Akaweka noti ya dola ishirini chini ya kisahani. "Callie, chukua koti lako."

Marisela alisema kwa kigugumizi kwamba wanaweza kuiacha kwenye gari wakarudi. Bibi akajibu kwamba leo wameshawatia watu wasiwasi, watakuja siku nyingine. Wakatoka, mayai yakiwa bado yanafuka mvuke. Nyuma yao sauti ya Harlan iliwafuata: "Lorena! Hicho kizibao kimeanza kukusengenya!" Wazee wakacheka. Bibi hakugeuka, ila Callie aliona shingo yake imekuwa nyekundu.

Walipita mageti matatu ya mashamba bila neno. Kwenye geti la nne bibi akasema, kama anayejisemea, "Imeonekana pale nilipoinama kuokota uma. Hapana pengine."

Callie alivuta mkanda wa kiti.

"Miaka kumi na mitatu," bibi akaendelea. "Na leo nimeshindwa hata kuinama. Mtu asiyeweza kuibeba bila kutisha watu asiibebe. Na bila hiyo sitakaa kule peke yangu na mtoto." Akapunguza mwendo kwenye kona. "Shangazi yako Noreen kila siku ananiambia nimezeeka, niuze mbuzi tuhamie kwake mjini Lubbock. Nilikuwa nikimcheka. Pengine yeye ameona nisichokiona."

Mbuzi. Nyumba. Kizingiti cha chumba cha bibi. Callie alitazama nyika ya manjano ikikimbia dirishani, akawaza: sema sasa. Hakusema. Kila nguzo ya uzio iliyopita, neno lilizidi kuwa zito.

Jioni, jua likiwa limeinama, alikwenda kumwita bibi aje kula maharage. Akasimama kwenye kizingiti, akaganda.

Kasha la chuma lilikuwa limefungwa. Bibi Lorena alikuwa mbele ya kioo, amevaa kizibao, na sakafuni mbele yake kulikuwa na uma wa jikoni. Kwenye ala, badala ya bastola, alikuwa ametia kipande cha sabuni ya kufulia. Aliinama taratibu, mkono mmoja gotini, akaokota uma, akajinyoosha, akageuza ubavu kutazama kioo. Kizibao kilikuwa kimelala sawia. Hakikuonyesha kitu. Akauangusha uma tena. Akainama tena. Kioo kikamwambia hana kosa, naye hakukiamini. Akaokota tena. Pumzi zilikuwa zikimwishia.

Callie aliwahi kumwona bibi yake akizalisha mbuzi kwenye theluji. Aliwahi kumwona akiua nyoka kwa koleo bila kutua kapu la mayai. Hakuwahi kumwona akijitilia shaka.

"Bibi," akasema, "si uma."

Mengine yakatoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi, yanakanyagana: Brinley, mpini wa pembe, tundu la sindano, chini ya kizibao upande wa kulia, birika la kahawa. Na ukimya wa kwenye gari, huo akausema mwisho kwa sababu ndio uliomuuma zaidi.

Bibi Lorena aliketi kitandani. Alichomoa sabuni kwenye ala akaishika kiganjani kwa muda. Callie alingoja ngurumo. Haikuja, na hilo lilimtisha zaidi.

"Njoo," bibi akasema, akimpigia ishara avuke. Kwa mara ya kwanza Callie alivuka ubao ule, akaketi kando yake.

"Nilikufundisha usiiguse," bibi akasema. "Nikasahau kukufundisha usiitaje. Hilo ni langu. Lakini sikiliza. Kitu hiki nakibeba kwa ajili ya usalama. Ukikitoa kwa ajili ya sifa, hata kwa maneno, kimeshageuka kitu kingine. Bastola ina ala yake, mwanangu, na ulimi nao una ala yake."

Callie akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yameshaanza.

"Hilo la kwanza ni la utoto, nimelisamehe. La pili ni la kunyamaza. Nilibeba kosa lako mchana kutwa, na wewe umekaa kando yangu unaniona. Huo mzigo ulikuwa mzito kuliko bastola yenyewe. Kweli ikichelewa, kuna mtu mahali fulani anainama kuokota uma akitafuta kosa asilolifanya."

Callie alifuta uso akauliza lililokuwa likimzunguka kichwani tangu asubuhi. Kwa nini alitoka? Wazee wote walikuwa upande wake.

"Kwa sababu kikombe cha yule binti kilikuwa kinatetemeka," bibi akajibu. "Siku niliyopewa ile kadi niliacha mambo mawili mlangoni: hasira na ubishi. Mwenye kubeba kitu kama hiki hana ruhusa nayo. Mwenye nyumba akikwambia toka, unasema asante, unatoka. Ukipenda kubishana, nenda ukabishane ukiwa mikono mitupu."

Callie alimtazama ajuza yule mfupi mwenye sabuni mkononi, akaona kana kwamba paa la nyumba limepanda juu kidogo.

"Jumamosi tutarudi," bibi akasema akiinuka. "Mimi sitamweleza mtu yeyote lililotokea. Si langu kulieleza."

Siku iliyofuata alimpigia simu shangazi Noreen akamwambia mbuzi hawauzwi.

Jumamosi mlio ukaja gizani kama kawaida, ti, ti, ti, ti, kla. Lakini walipofika kwa Dalton bibi aliifungia bastola ndani ya gari, kwenye sanduku la chuma lililokazwa chini ya kiti, akavuta mfuniko mara mbili kuhakikisha. Kizibao alikivaa vilevile. Walipoketi, Marisela akaja na birika, na bibi akamwambia kwa sauti ya chini kwamba iko nje, imefungwa, na kila akija itakuwa huko huko.

Mabega ya msichana yakashuka. Alimimina kahawa, kisha akaeleza, bila kuulizwa, kwamba kabla ya hapa alikuwa akifanya kazi kituo cha mafuta, na mtu mmoja alimwekea bastola juu ya kaunta akitaka fedha zote. Tangu hapo hulala taa ikiwaka. Alikuwa na hakika bibi angempigia kelele siku ile, kwa sababu wengine hufanya hivyo. Bibi alimshika mkono, akamwambia kwamba kusema vile huku anaogopa kulihitaji ujasiri mkubwa kuliko kulenga shabaha.

"Haya, amerudi," Mzee Harlan akaanza kutoka dirishani, na mkahawa mzima ukageuka. "Lorena, kizibao umekirefusha, au bado kinakusengenya? Jamani, mahesabu ya uzee hayakosei. Mkono ukianza kuangusha uma, kesho unaangusha usukani."

Kicheko kilizunguka meza hadi meza. Bibi Lorena alikoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari. Marisela, birika mkononi, alimtupia Callie jicho moja tu, jicho la mtu anayejua na aliyeamua kutosema. Brinley alikuwa meza ya nyuma, ameinamia sahani.

Callie alitazama kijiko cha bibi kikizunguka, kikizunguka. Akasukuma kiti nyuma, miguu ya kiti ikalia sakafuni, akasimama katikati ya mkahawa, watu wote wakamtazama.

"Kizibao cha bibi hakikufunguka, mimi ndiye niliyesema."