Tangazo la Masalu

Saa moja asubuhi.

Mashine ya kusaga ilikuwa imeanza kunguruma. Ndiyo maana Chacha alikipenda kile chumba cha nyuma, pale Kalangalala. Neno halikutoka nje. Vumbi la unga lilipenya chini ya mlango, likawakaa mabegani wote watatu, wakawa weupe.

"Sema tena," Chacha alisema. "Ansgar asikie. Dereva wetu kichwa kigumu."

Meshack alifungua kompyuta. Mfumo wa ile kampuni inayonunua dhahabu aliutengeneza yeye, kabla hajamjua Chacha.

"Gari la dhahabu likifika getini, dereva anabonyeza kuomba njia ya siku. Ombi linafika ukurasa wa kwanza. Huo unachukua njia kutoka ukurasa wa pili, unaiingiza ndani yake, unamjibu. Mimi nimeongeza mstari mmoja. Leo ukurasa wa kwanza utalikabidhi ombi lote kwa ukurasa wangu. Dereva mwenyewe hatajua nani kamjibu."

"Na wako unasemaje?"

"Pita barabara ya machimbo ya zamani."

"Tutakakokuwa sisi." Chacha alicheka. "Faida ya shule hiyo."

"Nilijaribu Ijumaa. Ilikubali."

"Gari anaendesha nani leo?" Ansgar aliuliza.

"Januari."

Ansgar aliacha kutafuna. Januari alikuwa mdogo wake Masalu.

"Safari hii hakuna wa kubebwa," Chacha alisema, akiviringisha bunduki kwenye kiroba. "Tunachukua, tunamaliza aliyetuona, tunaondoka. Ule upuuzi wa mwaka jana sitaki."

Mwaka jana aliahidi kwamba hakuna atakayeumia. Meshack akamtajia njia ya gari, na Masalu, dereva wa gari hilo, akapigwa risasi ya tumbo. Ansgar aligoma kuwasha gari mpaka wambebe. Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa kikaegemea mapaja ya Meshack, ambaye alikuwa amejifunga kitambaa usoni. Masalu alimtambua kwa mikono. Siku zile za kutengeneza mfumo, alikuwa akimletea michembe ya viazi vitamu na karanga kila asubuhi, kwa kuwa aliona kijana anashinda njaa. Akauliza alichozoea kuuliza.

"Meshack, umekula?"

Hakusema lingine. Walipofika zahanati mwili ulikuwa umeshapoa.

Saa nne asubuhi.

Walikuwa wamejificha na gari lao nyuma ya kifusi cha machimbo. Meshack alikaa nyuma kulia, amejibana mlangoni, kompyuta mapajani. Upande wa kushoto ulikuwa wazi. Ansgar alikuwa amebadilisha kitambaa cha kile kiti mara mbili, na bado hakuna aliyekaa pale. Hata mizigo hawakuweka.

Ansgar alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Nusu chapati, imefungwa kwenye gazeti.

"Kula."

"Baadaye, kaka." Aliipokea, akaitia mfukoni.

Ombi la Januari likaingia. Halafu yakatokea maandishi mekundu: *Imeshindikana kukabidhi. Jibu limeshaanza kutoka.*

"Nini hicho?" Chacha aligeuka.

"Kuna kitu kimetangulia."

Alitafuta. Akakuta Masalu anamtazama.

Mwaka ulikuwa umetimia. Asubuhi hiyo Mama Eunice wa ofisini alikuwa ameweka tangazo la misa ya kumbukumbu, na picha, juu ya kila ukurasa. Meshack mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuweka matangazo. Tangazo fupi lingesubiri ndani mpaka ukurasa ukamilike. Lakini Mama Eunice aliliandika kama matangazo ya msiba yanavyoandikwa: mjane, watoto, wajomba wa Bukombe, mashemeji wa Samuye, wakwe, majirani, wanakwaya. Hakutaka kumwacha mtu. Likajaa, likafurika, likaanza kwenda kwa Januari kabla ombi halijakabidhiwa.

"Ongea nielewe," Chacha alisema.

"Ukurasa ukishaanza kumjibu mtu, hauwezi tena kumsukumia mwingine amjibu. Januari anaona picha ya kaka yake. Chini hakuna kitu."

"Kwa hiyo?"

"Hana njia. Atabonyeza tena."

"Toa hilo tangazo."

Mdomo wa bunduki ulimgusa shingoni. Ulikuwa wa baridi, na jua lilikuwa kali.

Meshack alilifungua tangazo. Lilikuwa jambo la kufuta mara moja tu, na Januari angekuja kwenye barabara hii. Macho yakashuka mpaka mwisho. *Na Meshack wa kompyuta, aliyekuwa kama mdogo wake.*

Alilisoma mara mbili. Kisha akalifunga kama alivyolikuta. Akafungua ukurasa wa kwanza, akautafuta mstari wake mwenyewe, akaufuta.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

Januari alibonyeza tena. Maandishi mekundu hayakutokea. Juu alipata kaka yake, na chini yake njia ya kweli, ya lami.

Saa tano kasoro.

Chacha alishuka kutazama barabara. Vumbi halikuonekana. Mbali, kwenye lami, gari jeupe lilipita, na la doria ya polisi nyuma yake.

"Lile si ndilo?" Alirudi taratibu. "Wee msomi. Umefuta nini?"

"Mstari wangu."

Kioo kilipasuka. Meshack alihisi kama amepigwa ngumi ubavuni, akaangukia kushoto. Ansgar alikuwa ameshawasha gari. Alimwacha Chacha kwenye vumbi, anapiga risasi na kutukana, akaelekea hospitali. Askari hawakosekani pale, na alilijua hilo. Alikanyaga mafuta zaidi.

"Usilale, mdogo wangu. Ongea nami."

Kiti kilikuwa na joto, kama aliyekikalia ameinuka sasa hivi.

"Meshack. Umekula?"

Hakujua ni nani kauliza. Alipapasa gazeti mpaka akalipata, akamega kipande cha chapati, akakitia mdomoni.