Mlango Walioupenda Los Angeles

"Kasoro Ndogo, Hatua ya Tatu: Mwanamke wa Ziada Ngazini. Haizuii mchezo kuendelea."

Ndivyo nilivyoiandika, Jumanne moja ya kawaida yenye mvua ya kawaida, katika ofisi yetu juu ya duka la mazulia, mjini Wrexham. Mimi nilikuwa mkaguzi wa kasoro. Tulikuwa tunatengeneza mchezo wa video wa kuchezea mkononi, uuzwe pamoja na filamu kubwa ya kiangazi kile, filamu ambayo sisi wenyewe hatukuruhusiwa kuiona. Siri ya biashara. Wenye filamu walitutumia picha ya kofia moja na ukungu, wakatutakia kazi njema.

Emrys, mchora ramani wetu, alitakiwa kujenga jumba la mizimu asilolijua. Basi akajenga analolijua: nyumba ya marehemu bibi yake kule Bethesda, chumba kwa chumba, pamoja na mlango ulio chini ya ngazi, ambao bibi aliupaka rangi moja na ukuta akakataza hata usitajwe. Kwao haukufunguliwa kamwe. Kwenye mchezo, Emrys aliutia kitasa.

"Hebu nionyeshe huyo mwanamke," akaniambia.

Nikaenda moja kwa moja hadi mlangoni. Nikabonyeza. Ukafunguka, ndani giza tu. Ndipo alipoonekana, amekaa kidato cha kwanza cha ngazi, na aproni nyeupe, ametugeuzia mgongo.

"Umemchora lini huyu?"

"Sijamchora."

Nikazima, nikaanza upya, nikafungua tena. Amekaa kidato cha pili.

Simu ya Emrys ikalia. Alikuwa Lowri, mdogo wake, aliyebaki peke yake katika nyumba ile ya bibi; muuguzi wa zamu za usiku, mchana hulala. Sauti yake niliisikia toka kwenye meza yangu.

"We Emrys, umeingia humu ndani? Kuna mtu anakanyaga ngazi."

"Niko kazini, mdogo wangu."

"Basi mwambie huyo mwenzio ashuke. Nimechoka, sitaki utani wa kitoto."

Tukajaribu mara nyingine, kwa kifaa kingine. Kidato cha tatu. Simu ikalia kabla sijakiweka kifaa mezani.

Hatukujaribu tena. Ngazi ile inaishia kwenye mlango wa chumba cha Lowri.

Emrys alimsihi ahame. "Nihamie wapi? Kwenye sofa lako linalonuka soksi?" Lowri akacheka. "Nyumba ya bibi hii. Wa kuhama ni yeye."

Emrys akaenda kwa Gaynor, bosi wetu. "Tuutoe ule mlango."

"Emrys, mwanangu, katika vyote tulivyowapelekea, Kitengo cha Idhini cha wenye filamu kule Los Angeles kimependa kitu kimoja. Huo mlango. Kuutoa kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji idhini ya kuitishwa."

"Tunaweza kubadili nini bila idhini?"

"Ugumu wa mchezo tu. Wale hawajui kucheza."

Basi tukauharibu. Sijapata kumwona mtu akifanya kazi mbaya kwa bidii kiasi kile. Kinamasi cha hatua ya pili tukakirefusha mpaka kikatia usingizi. Tukaongeza popo. Tukaondoa njia ya kuhifadhi ulipofikia. Shimo la mwisho likawa pana hivi kwamba hata mimi, niliyelijua, nilitumbukia siku nzima. Asiyelivuka hafiki mlangoni.

Filamu ikavunja rekodi. Mchezo ukavunja mioyo. Gazeti moja liliandika kwamba kuucheza ni kama kupanga foleni bila kujua dirishani kunatolewa nini. Emrys akaisomea ofisi nzima sentensi hiyo huku anatabasamu, akanunua keki. Gaynor akamtazama kama mgonjwa.

Kwa Lowri, kimya. Kiangazi kikapita, na vuli ikapita.

Karibu na Krismasi maduka yakaumwaga mchezo wetu kwenye makapu ya bei ya kutupa. Mwaka mpya ulipoingia, asubuhi moja, simu ikalia.

"Kaka." Hakuwa na utani tena. Alinong'ona. "Anapanda."

"Toka humo, Lowri."

"Nitokeje? Yuko ngazini."

"Pitia dirishani!"

"Nimejaribu. Halifunguki."

Emrys akanigeukia, uso umempauka. "Kuna mtu amelivuka shimo."

Tukaondoka na gari lake. Simu niliishika mimi, spika imewashwa. Kila baada ya muda kidato kilipiga kelele. Kwii. Kimya. Kwii. Kuna mtu, mahali fulani, alikuwa anafungua, anafunga, anafungua tena.

"Atachoka," Emrys alisema. "Mchezo mbaya ule. Lazima atachoka."

Kwii.

"Kaka," Lowri akanong'ona. "Amesimama."

Simu haikukatika. Tulisikia kitasa. Kisha tukasikia nyumba tupu.

Tulifika mchana, jua limetoka. Milango yote imefungwa kwa ndani; Emrys akavunja kioo cha jikoni. Juu hapakuwa na mtu. Shuka limefunuliwa upande mmoja. Viatu viko chini ya kitanda. Kikombe cha chai, licha ya mwendo wote ule tuliokuja, bado kinafuka moshi.

Chini ya ngazi, rangi ya bibi haikuwa na ufa hata mmoja. Ila mahali pamoja, kimo cha kiuno, ukuta ulikuwa umebonyea na kung'aa, kama kitu kilichobonyezwa na kidole gumba kimoja, kidogo, mara nyingi mno.

Polisi waliandika kwamba aliondoka kwa hiari yake. Kilichotokea ni hiki: mahali fulani mtoto alipewa mchezo wetu kwa Krismasi, hakuwa na mwingine, akaucheza mpaka akaupenda.