Pacha Aliyeacha Kusindikiza Wageni

Ungepita mtaa wa Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma, asubuhi, ungesikia cherehani ya Dauda kabla ya kumwona Dauda mwenyewe. Watu walisema ile cherehani inaongea kuliko fundi wake. Wengine waliapa kwamba hata nzi, wakiingia dukani kwake, walitoka kimyakimya, kwa adabu.

Dauda alikuwa pacha. Kama mapacha wa kwetu, aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Gakuru, na yeye aliyefuata akaitwa Gato. Sura moja, masikio yaleyale, hata pengo la meno lilelile. Lakini Gakuru aliishi Kanama, akiuza viazi kando ya barabara. Kicheko chake, wanasema, kilivuka mpaka kikaamsha mbuzi wa Goma.

Mara nyingi mtu alimkimbilia Dauda njiani. "Gakuru! Rafiki yangu!" Kisha akaona kosa lake. "Ah. Ni wewe." Na mkono ulionyooshwa ukarudi mfukoni.

Dukani kulikuwa na kiti cha Kabatesi, marehemu mke wake. Hapo ndipo mkewe alipokuwa akishona vifungo. Kwa miaka sita hakuna aliyekikalia.

Alhamisi moja Ricky, mwenye pikipiki, alifunga breki mbele ya Dauda.

"Muzee Gakuru! Leo niko na bahati! Nilikuwa naenda kukutafuta mpaka Kanama. Shika, imetoka kwa Mwiza."

Kabla Dauda hajafungua mdomo, Ricky alikuwa ameshaondoka. Dauda akasoma karatasi.

"Baba mukubwa, Jumamosi tunamupa mutoto jina. Uje ukae kwa kiti cha babu. Tafadhali, baba asijue. Atatuharibia siku kama alivyoharibu harusi."

Mwiza alikuwa binti wa pekee wa Dauda. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wake wa kwanza.

Dauda akang'ata kofia yake, kama alivyofanya kila alipokasirika. Akakumbuka siku ya harusi ya Mwiza. Aligombeza wageni mpaka wakaacha sahani zao. Taratibu, hasira ikaisha. Upweke ukabaki.

Saidati, jirani yake na mhudumu wa afya wa mtaa, akaja kuchukua sketi yake. Alimkuta amekaa tu, karatasi mkononi. Akaisoma.

"Dada Saidati, mi niko mutu mubaya?"

"Uko mukali. Mubaya, hapana."

"Ni damu. Baba yetu alikuwa hivi hivi. Nguo ikishashonwa, bon, basi, imeshashonwa."

Saidati akacheka. "Fundi muzima unasema hivyo? Na hii sketi umeongeza kiuno mara ngapi?"

Akavuta kiti cha Kabatesi, akakaa. Dauda akashtuka, lakini akamwacha akae.

"Sikiliza. Kitambaa tunapewa na wazazi. Iko maagizo madogo sana ndani ya mwili, yanaitwa vinasaba. Tunayarithi. Yanachangia mutu kuwa mwepesi wa hasira, au mupole. Lakini maisha nayo yanashona: kazi, ndoa, msiba, watu tunaokaa nao. Hata mutu mukubwa anaendelea kubadilika. Wewe na Gakuru mulitoka yai moja. Vinasaba vyenu ni kitambaa cha jora moja. Ujanani alikuwaje?"

"Gakuru? Mukali kunipita mimi!"

"Basi. Yeye miaka ishirini anauza viazi. Asiposalimia watu, hauzi. Salamu zikamulainisha. Wewe Kabatesi alipokufa, ukafunga mulango."

"Donc, kwa hiyo damu yake imebadilika?"

"Hapana. Akikasirika bado anang'ata kofia. Mwaka jana nilimuona, kofia imebaki nusu."

Dauda alitabasamu kidogo. "Mi nifanye nini?"

"Anza na kitu kimoja. Kwetu mugeni anasindikizwa. Lini ulisindikiza mutu?"

Dauda akakunja ile karatasi.

"Siku ya kumuzika Kabatesi."

Saidati akainama. Kisha akasimama. "Leo nisindikize mi. Mpaka mulangoni tu. Kesho mwingine. Tabia haibadiliki kwa siku moja. Na huzuni ikikuzidi, ukikosa usingizi, ukikosa hamu ya chakula, tutaenda pamoja kituo cha afya."

Dauda akamsindikiza. Halafu akamtafuta Ricky, akamrudishia karatasi. "Mupelekee mwenyewe."

Jumamosi hakwenda. Alishona kijishati kidogo, akakikunja, akakiweka kwenye kiti cha Kabatesi.

Mwanzoni alisindikiza wateja bila neno, kama askari anayepeleka mfungwa. Mmoja alitimua mbio. Kisha Dauda akajifunza kuuliza, "Watoto hawajambo?" Akawasindikiza mbali zaidi: mlangoni pakawa mtaroni. Mtaroni pakawa barabarani. Siku nyingine aling'ata kofia, akarudi ndani. Kesho yake akaanza tena. Jina la mjukuu hakumuuliza mtu. Alitaka aambiwe na Mwiza mwenyewe.

Mwaka ukapita. Alasiri moja alikuwa barabarani na mteja, wote wawili wakicheka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akashuka kwenye gari, akaja mbio, mkono mbele.

"Baba mukubwa!"

Dauda akavua kofia. "Hapana, mwanangu. Ni Gato."

Mwiza akasimama ghafla. Dauda aliutazama ule mkono. Alijua mikono kama ile hurudi mfukoni.

Haukurudi.

"Mutoto anaitwa nani?" Dauda aliuliza.

"Shyaka, baba."

"Shyaka. Karibuni. Iko kiti, na iko shati. Sijui kama bado litamutosha."

Halikumtosha. Dauda alilifumua palepale, akaliongeza.

Walipoaga, aliwasindikiza kwa miguu mpaka nyumbani kwao, mtaa wa Nengo. Na Mwiza, sijui kwa damu au kwa malezi, akamsindikiza baba yake kurudi.