Wardina Akata Kitambaa cha Idi

Kila mchana akitoka shule, Wardina alivua viatu ngazini, akabadili sare, kisha akaketi na mama yake kutayarisha keropok, vile vipande vya unga wa samaki ambavyo mama alivikaanga na kuviuza kando ya barabara, pale mjini Marang, pwani ya Malaysia. Mama alikanda, Wardina alikata, na mdogo wake Aqif, wa miaka mitano, alidokoa akidhani haonekani. Zamani kazi hiyo waliifanya watu wanne. Tangu baba atoe talaka na kuoa mke mwingine kule mji wa Kuantan, Wardina alikuwa na kinyongo, na hakutaka kimtoke.

Katikati ya Ramadhani baba alituma kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kijani. Kwao, familia moja huvaa rangi moja siku ya Idi, na anayekutana nanyi njiani hujua nani ni wa nani. Barua iliyokuwamo ilisema mke mpya wa baba ameshashona kijani hichohicho. Kwa hiyo wanataka nionekane wa kwao, Wardina aliwaza. Watanikoma.

Mama alikuwa sokoni. Wardina alichukua mkasi akakikata kitambaa vipande vipande, polepole, akionja utamu wa kila kipande. Jioni baba alipopiga simu kuuliza kama kitambaa kimempendeza, alimjibu kwamba mama amekikata chote. Alitaka kitendo hicho kimuume baba mpaka akome kuwafuata.

Kilimuuma, lakini baba hakukoma. Wiki ile wazazi walitakiwa kutia sahihi mpango wa malezi katika ofisi ya suluhu ya mahakama ya dini. Walikuwa wameshakubaliana: watoto wakae na mama, likizo waende kwa baba, na Idi iwe ya zamu, mwaka huu kwa baba. Sasa baba aliisukuma karatasi kando. Alisema mwanamke mwenye chuki kiasi hicho hafai kuachiwa watoto, naye anamtaka Aqif aende kuishi Kuantan. Mama aliapa hajakigusa kitambaa. Hakusadikiwa.

Ustadha Kalsum, msuluhishi, alimwita Wardina kutoka kwenye benchi la nje, Aqif akiwa amemshika kidole.

"Mwambie Ustadha ulichoniambia kwenye simu," baba alisema.

Wardina alimtazama mama. Mama hakumkonyeza wala hakumsihi. Alikuwa akimfunga Aqif kifungo cha shati.

"Ni mimi niliyekata," Wardina alisema. "Mama hajui lolote. Nilitaka kukukomoa, Baba."

Baba aliirudisha karatasi mbele yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba amemkomoa kweli, na kwamba yeye naye alipaswa kumuuliza kabla ya kumchagulia rangi. Akamgeukia mama akamwomba radhi. Ustadha aliongeza mistari miwili katika mpango: watoto watachagua nguo zao za Idi wenyewe, na wazazi wakiwa na neno wataambiana wenyewe, si kupitia mtoto. Wote wawili wakatia sahihi. Aqif atabaki Marang.

Kituoni, wakingoja basi, Wardina alitegemea kukaripiwa. Mama alimvuta karibu.

"Nimeumia, mwanangu, sitakuficha. Una haki ya kumkasirikia baba yako, na sitakwambia uache leo. Lakini hasira yako mpelekee mwenyewe, kwa maneno ya kweli. Ulipolipiza kwa uongo ulidhani unampiga yeye. Umeona ni nani nusura achukuliwe?"

Wardina alimtazama Aqif, aliyelala mapajani mwa mama, mdomo wazi. Akaomba simu.

"Baba," alisema, "bado nimekukasirikia. Nitakuja Idi, lakini nataka kukwambia kwa nini."

"Niambie," baba alijibu. "Nakusikiliza."