Kabati Tupu la Mellah

Kabati lilikuwa tupu. Ghita Sqalli alibaki ameshika pazia la mahameli, nyuma yake wageni wake wa ziara wameshainua kamera, na mbele yake hapakuwa na kitu ila vumbi mahali Torati, gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, ilipokuwa imesimama vizazi na vizazi.

"Ndiyo ziara imekwisha?" mgeni mmoja akauliza.

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, katika sinagogi la mwisho lililokuwa bado linafunguliwa huko Mellah, mtaa wa zamani wa Wayahudi mjini Fez. Mlango haukuvunjwa, na hadi Ijumaa mchana Torati ilikuwapo. Funguo zilikuwa mbili: mmoja wa mtunzaji, mzee Makhlouf Ohana, Myahudi pekee aliyebaki mtaani, wa pili wa mlinzi, Abdelhaq, kaka yake Ghita. Mzee ndiye aliyewafungulia. Alikuja akiburura ndara za kitambaa, kola ya kanzu imechanika upande wa moyo, kisha akaketi chini sakafuni. Ghita alimhurumia, akidhani ni uzee na ufukara.

Inspekta Serghini alianza na Abdelhaq.

"Ijumaa asubuhi ulionekana na Hammad, yule muuza vitu vya kale. Mlipanga nini?"

"Tulikunywa chai, afande. Chai nayo imekuwa kosa?"

"Chai na ufunguo mfukoni, ndiyo."

Hammad alipoletwa alicheka mpaka akapaliwa. "Niibe kitabu kile? Nani atakinunua bila kuuliza kimetoka wapi? Hicho ni kitanzi, afande, si mali!" Tangu Ijumaa mchana alikuwa harusini katika mji wa Sefrou, na ukumbi mzima ulimwona akicheza. Wakamwachia. Kwa Abdelhaq hapakuwa na harusi ya kumwokoa. Alitiwa pingu mbele ya wanawe, na Ghita akalia kwa uchungu.

Jumanne alirudi kazini, maana tumbo halina likizo. Kwenye makaburi ya Wayahudi aliwaeleza wageni kama kawaida: "Myahudi aliyefiwa huchana kola yake. Akifiwa na mzazi, huchana upande wa moyo. Huacha viatu vya ngozi, huketi chini siku saba." Hapo akakatiza maelezo. Aliwaacha wageni palepale na kukimbilia kituoni.

Yeye na Serghini walimkuta mzee sakafuni kwake.

"Mzee, umefiwa na nani?" Ghita aliuliza.

"Torati imeibwa, binti yangu. Hujui?"

"Najua. Lakini kola yako ilichanika kabla sijafungua kabati. Nani alikwambia kwamba ni tupu?"

Serghini alivua kofia.

"Niliizika Ijumaa, kule makaburini," mzee akasema. "Haisomwi ila wakikusanyika wanaume kumi wa dini yetu, na mimi nimebaki peke yangu. Wakubwa wa mji wakaniambia itakwenda makumbusho, ikae ndani ya kioo. Mama yako akifa, utamweka ndani ya kioo?"

"Na kaka yangu? Siku mbili yuko ndani anapigwa, wewe umenyamaza!"

"Nilijisemea kesho nitasema. Ikija kesho, naogopa watamfukua."

Hakusema "wataifukua". Ghita alitaka kumchukia, akashindwa, na hilo likamuudhi zaidi.

Wakafukua. Mvua ya Jumamosi usiku ilikuwa imepenya kitambaa, wino umechuruzika ngozi yote. Herufi moja tu ikifutika, kitabu kizima hakifai kusomwa. Hapa zilikuwa zimekwenda safu kwa safu. Mzee alipitisha kidole palipokuwa na maneno.

"Ilikuwa hai," alisema. "Nimeizika hai."

Serghini alifunga daftari lake, asijue aandike kosa gani.

Abdelhaq alitoka jioni ile, jicho limevimba. Mzee alikuwa akimngojea mlangoni mwa kituo.

"Nisamehe, mwanangu."

"Ungeniambia tu," Abdelhaq akasema. "Miaka yote hii, mzee! Ningekuchimbia kwa mikono yangu, na nisingemwambia mtu."

Akampita.

Kila Jumamosi Abdelhaq ndiye aliyekuwa akiingia kwa mzee kumwashia jiko, kwa kuwa dini ya mzee ilimkataza moto siku hiyo, na ilimkataza hata kumwomba mtu amwashie. Abdelhaq alikuwa akija mwenyewe, bila kuitwa. Jumamosi ile baridi ilikuwa kali. Ghita alipopita na wageni alimwona mzee dirishani, amejifunika blanketi, macho yameelekea upande wa nyumba ya Abdelhaq. Alasiri aliporudi, mzee alikuwa bado pale, na jiko halijawashwa.