Swali la Dada Yake Nikodemo

"Nusu," Deus akasema.

"Umekosea tena. Rudia swali," Philomena akamwambia.

Walikuwa nyumbani kwa kina Philomena, Machochwe. Jenetiki iliwaangusha wote wawili chuoni, na mtihani wa marudio ulikuwa wiki ijayo. Kabla ya hapo, Jumamosi, wazee wa kwao Deus wangetoka Kemambo kuja kumposa Philomena.

Deus akasoma kwa sauti:

"Baba na mama si albino. Wamezaa mtoto albino. Dada yake si albino. Kuna uwezekano gani dada huyo amebeba jeni ya ualbino?"

Philomena akachora visanduku vinne, kila kimoja mtoto anayeweza kuzaliwa.

"Kisanduku kimoja ni albino. Kifute, maana dada si albino. Katika vitatu vilivyobaki, viwili vimebeba. Jibu theluthi mbili."

Deus akaweka kalamu chini, uso umemshuka.

"Mbona umenyong'onyea? Si tumelipata?"

Kabla hajajibu, simu yake ikawaka mezani. Ujumbe wa mama yake. Wote wakausoma:

"Umemuuliza huyo binti habari ya kaka yake albino? Bila jibu wazee hawaji."

Philomena akasimama.

"Kumbe swali lilikuwa langu! Ulikuja kusoma au kunipima?"

"Philo, mama anaogopa tu."

"Na wewe?"

Deus akageuza simu kifudifudi.

"Kaka yangu Nikodemo ndiye aliyenilea baba alipofariki. Leo mnamfanya mkosi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi malizia swali. Nitazaa albino lini?"

"Baba wa mtoto naye akiwa amebeba."

"Wewe umebeba?"

"Sijui."

"Na mama yako anajua?"

"Hajui."

"Chukua madaftari yako uende, Deus."

Deus akachukua simu. Akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umeuliza?"

"Huenda amebeba. Huenda na mimi nimebeba, kutoka kwako au kwa baba."

"Unanitukana?"

"Sikutukani, mama. Mtoto akizaliwa kama Nikodemo, ni mjukuu wako. Wazee wasipokuja, nitaposa mwenyewe."

Simu ikakatwa.

"Ungeyasema hayo kabla sijausoma huo ujumbe," Philomena akasema, machozi yakimlengalenga.

"Niliogopa. Nisamehe."

Philomena akamsogezea daftari.

"Kaa. Soma swali linalofuata."

Jumamosi wazee walifika. Mama yake Deus, ambaye hakuna aliyemtarajia, naye alikuja. Nikodemo alikuwa amejifungia chumbani, asije akaharibu shughuli. Mama yake Deus akaletewa kiti, akakikataa.

"Kaka mkubwa yuko wapi? Tutaposa kwa nani bila yeye?"

Nikodemo akatoka taratibu.

"Shikamoo mama."

Mama akamtazama. Kisha akampa mkono.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae karibu yangu."